Nilivyofungiwa Handakini na Mama Mkwe

Kila nikitaka kulisimulia hili naanza kucheka halafu kicheko kinanikatikia njiani, kwa hiyo leo nalisema lote mara moja, na nyie mkitaka kucheka chekeni, maana Masuguru nzima imeshacheka na Bungu wamecheka kwa Kisambaa, sasa nibaki namficha nani. Ndiyo, ni mimi yule fundi aliyekutwa chini ya ardhi, maji kiunoni, amembeba mama mkwe wake mabegani, huku waliotoka kuswali wanachungulia kwa juu. Aliyewaambia kwamba nilikuwa nimelewa amewadanganya, mimi sinywi. Nilikuwa na akili zangu zote, na hilo ndilo linaloniuma.

Naitwa Hasani, kwetu ni Misima, Handeni, ila kazi ndiyo imenileta Korogwe mjini, mtaa wa Masuguru. Nachomelea mageti na madirisha (kuchomelea najua, hapo msinitoe, ukipita Masuguru ukaona geti limenyooka jua ni langu, ukiona limepinda kaulize kwingine). Mke wangu Zaina ni Msambaa wa Bungu, kule juu kwenye baridi, na wakati mambo haya yanaanza alikuwa na mimba ya miezi minane, mimba yetu ya kwanza.

Ilikuwa mvua ya kwanza ya vuli, saa tisa mchana, tumemaliza kula. Ukaja upepo ambao hata wazee walisema hawajauona siku nyingi, ukaingia chini ya bati la upande wa chumbani, bati likaanza kupiga makelele. Sasa hapa nisikilizeni vizuri, kwa sababu uchafu wenyewe uko hapa. Bati lilipoanza kulia mimi nilitoka nje mbio. Mashine yangu ya kuchomelea ilikuwa barazani, inalowa, nikatafuta turubai nikaifunika, upepo ukalinyanyua turubai, nikalala juu yake kabisa, kifua juu ya mashine, mikono nimekumbatia, mpaka upepo ukapita. Zaina aliingia chini ya meza ya chakula peke yake, yeye na tumbo lake. Niliporudi ndani nimelowa chapachapa, bati mbili za chumbani hazipo, anga linaonekana, maneno yangu ya kwanza yalikuwa haya: "Mashine imepona."

Akatoka chini ya meza polepole, akajipangusa vumbi magotini.

Bati nilizirudisha kesho yake. Keshokutwa yake mama yake akashuka kutoka Bungu kuja kumchukua, na hakuna aliyeshangaa, maana mimba ya kwanza mtu anakwenda kujifungulia kwa mama yake, ndiyo desturi, siku arobaini zikiisha anarudishwa kwa mumewe na mtoto mkononi. Kwa hiyo huwezi kusema mke wangu alikimbia. Lakini mimi nilimwona anavyofungasha. Alikunja kanga zote, akachukua na chujio la chai. Mtu anayekwenda kujifungua anachukua chujio la chai la nini?

Ningekuwa na akili ningemuuliza palepale mlangoni. Badala yake nikajiambia tatizo ni nyumba. Amehofia upepo, nikajiambia, mwanamke mjamzito bati limeng'oka juu ya kichwa chake, ni haki yake kuhofia, sasa mimi kama mwanaume nitafute dawa ya upepo. Mnaona nilivyojipeleka? Kosa langu lilikuwa halishikiki, nikatafuta lile la kushikika, la kupimwa kwa futi kamba.

Dawa nikaipata kwenye simu. Kuna video za wenzetu wa nchi zenye vimbunga, wanachimbia chumba kidogo uani, wanakijenga kwa zege, wanakiwekea mfuniko wa chuma, upepo ukija familia nzima inashuka chini, wanakaa kwenye benchi wanatafuna biskuti. Niliziangalia video hizo wiki nzima. Nilichopenda zaidi, niseme ukweli, ni ule mfuniko. Nikasema huu hata mimi nautengeneza, tena mzuri kuliko huo wao. Nikampigia mama yangu Misima kumweleza, akaniambia, "Sisi upepo ukija tunakaa katikati ya nyumba tunashikana mikono." Nikamwambia mama, hayo mambo ya zamani.

Wa kuchimba nilikuwa naye jirani, Mzee Mbwana, ukuta kwa ukuta, kazi yake miaka yote ni kuchimba mashimo ya vyoo. Nikamwonyesha pembe ya uani ninayoitaka, karibu na dirisha la chumbani, ili Zaina asitembee mbali. Akapatazama, akapigapiga chini kwa kisigino, akasema, "Hapa maji yanapita, Hasani. Ya kwangu, ya kwako na ya barabarani, yote yanakutana hapa."

"Mzee wangu, hii ni zege na chuma, siyo choo."

"Maji hayajui kama ni choo," akasema, na akaanza kuchimba, kwa sababu alishanifahamu kwamba mimi nikishasema nimeshasema.

Na Mzee Mbwana hajui shimo fupi. Mimi nilitaka lenye kimo cha mtu mmoja, yeye mkono wake umezoea choo, nikarudi jioni nakuta shimo la watu wawili mmoja juu ya mwingine. Nikasema si kitu, kina zaidi usalama zaidi. Tukajenga kuta, tukaweka benchi la zege, ngazi ya chuma nikaichomelea ukutani haitikisiki, kwenye pembe ya pili tukapitisha bomba la hewa lenye kofia juu ya ardhi, nikatundika na taa ya sola. Wakati tunajenga Zaina akajifungua, mtoto wa kiume. Nilipanda Bungu siku moja, nikasimama mlangoni, wakanionyesha kitu kidogo kimefungwa kitambaa, kimelala, nikarudi jioni ileile kwa sababu nondo zilikuwa zinafungwa.

Kisha ikaja siku ya saba, siku ya kumnyoa mtoto nywele na kumpa jina. Sasa siku mbili kabla ya hapo tulikuwa tumemwaga zege la juu. Mzee Mbwana aliniambia zege haliachwi siku saba za mwanzo, lazima limwagiliwe maji asubuhi na jioni, lisipate nyufa. Nikatuma mbuzi wa akika, nikatuma na salamu kwamba fundi ana kazi isiyoachika. (Mzee Mbwana mwenyewe alisema nenda, mimi nitalimwagilia. Hili huwa nalirukaga nikisimulia, leo silirukii.) Nikabaki. Mwanangu ananyolewa nywele Bungu, mimi niko Masuguru na ndoo namwagilia zege.

Na mfuniko je? Mfuniko ndio ulikuwa fahari yangu. Nilitaka ulale sawasawa na ardhi, usinyanyuke hata kidogo, kama sehemu ya uwanja. Bawaba tatu, bati nene, na komeo la kujifunga lenyewe, ukiuachia tu, tak, umefunga. Komeo nikaliweka kwa nje, kwa sababu ya watoto wa mtaani na mbuzi, wasije wakatumbukia. Kwa nje unafungua kwa kidole kimoja. Kwa ndani nilipanga kuweka kishikio cha kulivutia, nikakikata kabisa, nikakiweka juu ya meza ya kazi. Siku ya kukichomelea umeme ukakatika. Nikasema kesho. Umeme ukarudi, nikapata kazi ya geti la mtu, nikasema kesho tena. Hapo ndipo lilipozaliwa balaa, kwenye hiyo kesho.

Arobaini ikakaribia. Bungu wakaleta habari kwamba kabla ya kumrudisha Zaina watakuja kuiona nyumba, mama mkwe na Baba Mdogo, yaani mdogo wake baba mkwe, mzee wa maneno machache na fimbo. Wakiridhika, mke wangu na mtoto wanashuka. Wasiporidhika, basi. Nilipaka nyumba chokaa, nilifyeka uwanja, nilifagia mpaka barabara ya watu. Kichwani nilikuwa na picha moja tu, Baba Mdogo ameshuka ngazi, anagonga kuta kwa fimbo yake, anasema, kwa kweli kijana umejitahidi.

Kabla sijaendelea niwaambie kuhusu mama mkwe, kwa wale wasiojua tulivyo. Mama mkwe humtazami usoni. Hukai naye mkeka mmoja, huli mbele yake, mkikutana kwenye njia nyembamba wewe ndiye unayeingia kwenye nyasi. Miaka mitatu ya ndoa nilikuwa namsalimia nikitazama miguu yake. Ningeitwa polisi kumtambua ningesema ana kidole gumba kimeinama upande wa kushoto, basi.

Wakafika mchana. Mama Tatu, mke wa Mzee Mbwana, aliwapikia wali na samaki, mama mkwe akala sebuleni, sisi wanaume barazani. Adhana ya alasiri ikaita, Baba Mdogo akashika fimbo yake, akasema, "Tukaswali, tukirudi utatuonyesha hicho chumba chako cha chini." Wakaondoka na Mzee Mbwana. Mimi nikasema tangulieni, nawafuata, kumbe nataka nishuke nikafute vumbi kwenye benchi. Ile swala ningeiwahi, nisingekuwa na kisa cha kuwasimulia.

Nimetoka kufuta benchi nikaona mawingu ya upande wa milimani yamekuwa meusi. Mama Tatu akakimbilia kwake kuanua nguo. Upepo ukaanza, siyo ule wa siku ile, upepo tu wa mvua, lakini mimi moyo ukanipaa kwa furaha. Ndiyo, kwa furaha, nisiwafiche. Nikasema Mungu mwenyewe ameleta mtihani ili wakwe waone.

Nikasimama nje ya dirisha la sebule, uso nimeugeuzia kwenye ukuta.

"Mama, upepo unakuja. Kuna mahali pa kujistiri, chini."

"Hapa panatosha, baba," akanijibu. "Bati naona ni jipya."

"Mama, nilijenga kwa ajili hiyo. Mshuke tu. Mimi nitabaki juu."

Mtu mzima hapendi kumvunja moyo mwenyeji wake. Akatoka, akavua ndala zake akaziacha pembeni kwa heshima kama anaingia kwenye nyumba ya mtu, akashuka ngazi akishikilia kanga yake, mimi nimetazama mbali. Mpango ulikuwa huo, yeye chini, mimi barazani, adabu imelindwa. Mvua ikafika, kubwa, nikawa nimesimama pale nimeushika mfuniko, najiandaa kuufunga, nikasikia sauti yake, taratibu, "Baba, huku kuna maji yanaingia."

Nikasema ni matone tu. Akasema siyo matone.

Nikashuka ngazi tatu nione. Tatu tu. Upepo ukauchukua mfuniko ukauangusha juu ya kichwa changu, nikainama, nikasikia tak.

Ile sauti nilikuwa nimeisikia mara nyingi kwenye karakana na kila mara nilitabasamu.

Nikausukuma kwa mikono. Nikausukuma kwa mgongo. Nikausukuma kwa kichwa, mpaka leo nina alama. Haukutikisika, ni kazi yangu mwenyewe, najua nilivyouchomelea. Nikapiga ngumi, nikaita, nikaita tena, lakini mvua juu ya mabati ya Masuguru inapopiga hata mtu wa kitanda kimoja humsikii. Simu yangu ilikuwa kwenye chaji ndani, yake kwenye pochi sebuleni. Na maji yalikuwa yanashuka kwenye kingo zote nne za ule mfuniko uliolala sawasawa na ardhi, ya kwa Mzee Mbwana, ya kwangu na ya barabarani, kama alivyosema mwenyewe.

Nikateremka chini. Nikasimama nimeangalia pembe ya ukuta, mama mkwe amesimama juu ya benchi, tumegeuziana migongo, chumba chenyewe upana wa kitanda. Maji yakafika kwenye vifundo. Mimi nilikuwa nakufa kwa aibu, yeye nilidhani anaomba dua. Yalipokaribia magoti akasema, bado ametazama ukuta wake:

"Hasani. Hili shimo umemchimbia nani?"

"Zaina, mama. Na mtoto."

"Zaina alikuomba shimo?"

Nikakwaruza zege kwa ukucha.

"Siku bati lilipoondoka, wewe ulikuwa wapi?"

Nyie, kuna maswali mtu akiulizwa juani anaweza kuyazungusha. Chini kule, maji yanapanda, hakuna pa kuzungushia. Nikasema, "Nilikuwa nje, kwenye mashine."

"Na yeye?"

"Chini ya meza."

"Haya," akasema. "Bati ulilirudisha kesho yake. Mwanangu hakukimbia bati." Akavuta pumzi. "Siku ya saba tulikungoja na wembe mpaka jua likawa kali. Baba yake akasema tusinyoe kwanza, baba mtoto yuko njiani. Tukangoja tena. Zaina ndiye aliyesema nyoeni tu."

Nililia. Niseme nini, nililia, na nilishukuru kwamba tulikuwa na maji mengi kila mahali. Miaka mitatu nilikuwa sijawahi kusikia sentensi tatu mfululizo kutoka kwa yule mama, na hizo ndizo alizonianzia.

Mvua ikaanza kupungua lakini maji yalikuwa mapajani na hayapungui. Yeye ndiye aliyeliona bomba la hewa. "Sauti itapita pale," akasema. Nikaruka, mikono inagusa mdomo wa bomba, mdomo wangu haufiki, na pale pembeni benchi halifiki wala ngazi haifiki (ngazi isiyotikisika, mnakumbuka). Tukalitazama bomba wote wawili kwa muda. Halafu mama mkwe wangu akasema, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi:

"Inama nikupande."

"Mama, siwezi."

"Unaweza kunizamisha ila kunibeba huwezi?"

Nikainama. Akanishika kichwa, akapanda kutoka kwenye benchi, mguu huku mguu huku, kanga yake ameibana, nikasimama nikishika vifundo vyake vya miguu, mimi niliyekuwa sithubutu hata kupeana naye mkono. Akaweka mdomo kwenye bomba, akaita jina la mtu mmoja tu anayemfahamu Masuguru.

Mama Tatu alikuwa amerudi kumtazama mgeni wake. Anasema nyumba ilikuwa kimya, sebuleni kuna pochi tu, akatoka uani, ardhi ikamwita. Kofia ya bomba inatokeza chini ya mti wa mpapai, na kutoka kwenye kile kibomba sauti inasema taratibu, Mama Tatu, Mama Tatu, tupo huku chini. Akaacha kandambili moja palepale. Alikutana na watu wanatoka msikitini walikokuwa wamezuiwa na mvua, akawaambia ardhi ya kwa Hasani inaita watu kwa majina, na waliokuwa wanakwenda makwao wote wakageuka kuja kwangu.

Nilisikia miguu mingi juu ya kichwa changu. Nilisikia Mzee Mbwana anasema, "Ni humu." Tak. Kidole kimoja.

Mwanga ukaingia. Nikainua macho nikaona duara la kofia na kanzu, na katikati yake uso wa Baba Mdogo, ametazama chini, mimi nimetazama juu, shemeji yake ameketi shingoni kwangu, maji yananifika kiunoni. Hata waliotoa simu walizishusha.

"Hasani," akasema Baba Mdogo. "Umemfanya nini shemeji yangu?"

Na mimi, akili ya binadamu bwana, nikajibu, "Namwonyesha chumba."

Walipotoa mkono mama mkwe akapanda ngazi peke yake, wanaume wakageuza nyuso, Mama Tatu akamfunika shuka. Aliomba chai ya tangawizi, akainywa bila kutetemeka. Mimi nilitoka wa mwisho. Nikatazama huku na huku. Nyumba yangu, bati zote ziko mahali pake. Nyumba za jirani vilevile. Banda la kuku la Mzee Mbwana, lililoezekwa makuti ya mwaka juzi, halikupoteza hata ukuti. Masuguru nzima walikaa ndani mwao wakakauka, sisi tuliojistiri ndio tulioopolewa.

Baba Mdogo alizunguka nyumba mara moja na fimbo yake, akarudi. "Nyumba nimeiona," akasema, "haina tatizo." Nikangoja aendelee. Hakuendelea. Wakaondoka na gari la jioni. Arobaini ikafika, nikakaa barazani tangu asubuhi nimevaa kanzu, na halikushuka gari lenye mtu wangu.

Baadaye Bungu wakaniita. Kumbeba mama mkwe si jambo linaloachwa hivihivi, lazima lisawazishwe, kwa hiyo nilipanda Bungu na mbuzi na doti mbili za kanga, kona baada ya kona, naisoma hotuba yangu moyoni. Niliandaa maneno mengi ya shimo. Nitamalizia kulifukia, nitapanda ndizi juu yake, mfuniko nitaukata niutengenezee jiko. Lakini kwa wazee jambo langu liliisha haraka, mbuzi akapokelewa, kanga zikapokelewa, mama mkwe alikaa mlango wa pili akasema mimi kwangu yamekwisha, alinibeba vizuri. Wazee wakacheka. Nikacheka nao, kidogo.

Kisha Zaina akatoka na mtoto mgongoni. Amenenepa kidogo, amevaa sweta la baba yake. Wazee wakajifanya wanakwenda kumwangalia mbuzi. Nikaanza, nikamwambia, shimo nimeshalifukia nusu, nikamwambia, juu yake nitapanda ndizi.

"Sikuuliza habari za shimo," akasema.

Mtoto akakohoa mgongoni, akampigapiga kwa mkono wa nyuma. Hotuba ikaisha kichwani. Nikasema, "Siku ile nilikuacha. Nilikwenda kwenye mashine, nikakuacha chini ya meza."

"Nilikuita mara tatu."

Hapa ndugu zangu ningeweza kusema upepo ulikuwa na kelele, bati zilikuwa zinalia, na ungekuwa uongo ambao hakuna mtu angeweza kuupinga. Hata mama mkwe asingejua. Nilikuwa nimeubeba ule uongo miezi yote ile, tayari kabisa, umenyooka kama geti langu.

"Nilisikia," nikasema.

"Nilijua ulisikia," akasema. Akafungua mbeleko, akamtoa mtoto, akanipa. Hakuniambia yamekwisha. Alisema atakaa kwao mpaka maharage yavunwe, halafu tutaona, na mimi kila Ijumaa nikipata nafasi napanda, nakaa naye, nambeba mtoto, nashuka. Kuna Ijumaa anazungumza, kuna Ijumaa ananipa chai tu. Sijui itakuwaje, na safari hii sina cha kujenga ili niharakishe.

Kwa hiyo chekeni, ila chukueni na hili moja. Mwenzako akikudai neno, mpe neno, hata kama linakupasua mdomo. Mimi nilimpa zege.